Gurudumu la Kulia

Ukifika Mtongwe ukaulizia nyumba ya Mwanasaumu, hakuna atakayekutajia jina la mtaa wala rangi ya geti. Utaambiwa tu, "Shika njia hii hii, ukiliona jipu umefika."

Mwanasaumu alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, akika, hata sherehe za makanisani zilimjua. Sufuria zake zilikuwa kubwa kiasi cha mtu mzima kuogea, na mikono ya kutosha ya kuzibeba haikupatikana, kwa hivyo zilipanda jipu. Jipu lenyewe lilikuwa gari kuukuu la kuvuta magurudumu yote manne, ambalo mumewe, Hashim, alilinunua zamani shamba moja la mkonge lilipokuwa likiuza vyuma vyake chakavu. Chumvi ya bahari ilikuwa imelila mabati, mlango wa dereva ulifungwa kwa kamba, na honi ilikuwa na hiari yake, ikipenda inalia, isipopenda hailii. Lakini lilipanda mchanga, lilipita tope, na siku za mvua kubwa lilikuwa likizivuta teksi za watu mtaroni huku Mwanasaumu akimwambia kila dereva, "Haya, mwanangu, pole, shika njia." Majirani walikuwa na mzaha wao juu yake. Walisema hilo ni jipu kweli kweli: halitumbuki wala haliponi.

Hashim alikuwa fundi wa magari mpaka alipostaafu, na katika nyumba yao kulikuwa na sheria ambayo haikuwahi kuandikwa popote. Hashim haingii jikoni. Mwanasaumu hagusi sanduku la spana. Sheria hiyo ilidumu tangu ndoa yao, ikavuka kuzaliwa kwa Jalila na kuolewa kwake Kisauni, na pengine ingewafikisha kaburini, lau Hashim asingepanda juu ya kiti cha plastiki kubadilisha balbu ya ukumbini. Kiti kilitanua miguu, Hashim akaja chini na balbu mkononi. Balbu haikuvunjika. Ulivunjika mkono, tena wa kuume. Watu walipomuuliza alisema kwa sauti nzito, "Ajali," na akanyamaza, hata wengine wakadhani aligongwa na trela.

Basi ilikuwa Alhamisi, mkono wa Hashim ungali ndani ya plasta nyeupe, Mwanasaumu akitoka mtaa wa Shika Adabu kununua kuni. Njiani akasikia kilio. Kilitoka mbele, chini. Akipunguza mwendo kinapungua, akikanyaga mafuta kinapanda, kama paka aliyefungiwa kabatini. Alipofika nyumbani hakuzima hata gari. Alitoa kichwa dirishani akapiga kelele ili mumewe amsikie:

"Baba Jalila! Gurudumu la mbele linalia!"

Hashim alikuwa barazani. Masikio yake yalikuwa yamechoka kwa kugongewa mabati miaka yote ya kazi, naye akaweka kiganja nyuma ya sikio. "La kulia?"

"Ndiyo, la kulia!"

"La kulia, una hakika?"

"Wallahi la kulia! Nimelisikia kwa masikio yangu, linalia tangu Shika Adabu!"

Hashim akatikisa kichwa kama daktari aliyekwisha kuujua ugonjwa. "Hiyo ni beringi. Habu lazima itoke."

Habu ni kile kitovu cha gurudumu, chuma kizito cha katikati ambacho gurudumu hufungiwa, na beringi hukaa ndani yake ili kizunguke laini. Mwanasaumu hakuijua habu kwa sura. Alichojua ni kuwa Jumamosi alikuwa na kazi kubwa upande wa pili wa maji, Chaani, kwa Philister. Philister alikuwa muuguzi, mtu wa bara aliyehamia Mombasa kikazi akanasa, na siku hiyo alikuwa anapokea wakwe wanaokuja kumposa bintiye. Kwa vile alitaka wakwe hao wakirudi kwao wawe na la kusimulia, aliagiza pilau ya Pwani, ya mkono wa Mwanasaumu na si mwingine.

"Nikodi pikapu," Mwanasaumu akasema.

"Kodi," Hashim akamjibu. "Ukumbuke ya mwaka juzi."

Mwanasaumu akakumbuka. Dereva wa mwaka juzi alipitia kwanza kumjulia hali nyanyake, nyanya akamwandalia chai, na nyama ikafika harusini imeanza kunuka.

"Basi tumwite yule fundi mwenzako, Jacktone, aje aifungue."

"Jacktone amekwenda kwao kuzika, na ameondoka na spana yangu kubwa ya habu na nyundo yangu ya shaba. Na hawa vijana wengine..." Hashim hakumaliza. Kwake yeye, fundi mwingine yeyote kuligusa jipu lile ilikuwa sawa na kumtazama mkewe akioga.

Wakatazamana. Hashim akautazama mkono wake wenye plasta. Mwanasaumu akaitazama mikono yake mwenyewe, iliyokuwa mizima yote miwili.

"La," Hashim akasema.

"Mimi sijasema kitu," Mwanasaumu akasema.

Asubuhi ya Ijumaa, Mtongwe iliamka ikamkuta Mwanasaumu katikati ya njia amevaa ovaroli ya mumewe juu ya dera, kichwa amekifunga leso. Jipu lilikuwa palepale alipoliacha, maana Hashim alikataza lisisogezwe hata shubiri, na uani mwao hapakuwa na nafasi. Mume alikuwa ameketi kando kwenye kiti, safari hii cha mbao, na mbele yake jiko la makaa, karai la mafuta na mlima wa vitunguu. Kwani vitunguu vya pilau ya shughuli hukaangwa siku moja kabla, na kama mikono ya mwenye kazi hiyo imo kwenye gurudumu, nani atakaanga? Walibishana juu ya jambo hilo tangu alfajiri. Mwanasaumu alishinda kwa kusema maneno machache tu: "Basi tuache yote, nimpigie Philister nimwambie kuwa fundi ameogopa vitunguu."

Kazi ikaanza, huyu akimfundisha yule.

"Tia mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma," Hashim alisema. "Sasa legeza nati kabla hujapandisha jeki. Kabla! Ukishapandisha, gurudumu litazunguka nawe utabaki kucheza nalo chakacha."

"Sawa. Na wewe punguza makaa. Vitunguu havitaki moto wa hasira."

"Usiivute spana kwa mgongo. Kanyaga kwa mguu."

"Usikoroge ovyo. Unakoroga kama unatafuta pete."

Jeki ikapanda, gogo la mnazi likawekwa chini ya ekseli kwa usalama, gurudumu likatoka. Likafuata dramu la breki, ambalo liligoma, likagongwa, likakubali. Wapita njia walianza kusimama. Nyamvula, jirani wa nyumba ya pili, mwanamke ambaye hakuna jambo lililompita pale mtaani, alitoka na kikombe chake cha chai na kuliona jambo la kwanza kabisa, nalo ni Hashim, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

"Subhanallah! Nani amefariki?"

"Vitunguu," Hashim akamjibu, akijipangusa kwa plasta.

Nyamvula hakuondoka tena. Akavuta kigoda. Na Rama wa bodaboda, aliyekuwa akimpeleka abiria wake kivukoni, akazima pikipiki katikati ya safari, abiria naye akashuka bila kunung'unika, wote wakawa watazamaji.

Mwanasaumu aliondoa kifuniko cha habu, bolti moja moja, akazipanga kwenye sinia kwa mpangilio zilivyotoka kama anavyopanga viungo. Ndani kulikuwa na klipu, kiringi chembamba cha chuma kilicho wazi upande mmoja, kinachobana ncha ya ekseli.

"Hiyo ina ubishi," Hashim akamwonya. "Ipanue polepole, na uiwekee mkono mbele, maana..."

Klipu iliruka. Ilipita juu ya kichwa cha Rama ikilia kama nyuki, ikapotea. Kazi ikasimama. Watu walipiga magoti mchangani, abiria wa Rama akitambaa na shati lake jeupe la ofisini, Nyamvula akiwaelekeza kutoka kwenye kigoda. Walitafuta chini ya jipu, mtaroni, hata kwenye mikunjo ya leso ya Mwanasaumu. Mwishowe Hashim, aliyekuwa ameambiwa asiache kukoroga lolote litakalotokea, alisema kwa upole:

"Mama Jalila, katika vitunguu kuna kimoja hakiivi."

Kiliopolewa kwa kijiko, kikang'aa kwa mafuta. Hashim aliapa kuwa hajapata kuona klipu iliyolainishwa vizuri namna ile.

Baada ya hapo walifika mahali pagumu. Sehemu ya nje ya habu ilishikwa na nati zenye pete ndogo nyembamba upande mmoja na nene upande wa pili, zilizojikita ndani ya mashimo yake kama meno. Kuzing'oa, Hashim alieleza, ni kugonga pembeni kwa nyundo ya shaba. Ukigonga kwa nyundo ya chuma utavunja. Shaba ni laini, hutetemesha bila kujeruhi. Na nyundo ya shaba, kama wote walivyojua sasa, ilikuwa mazikoni na Jacktone.

Mwanasaumu alifikiri kidogo. Akaingia ndani, akatoka na mchi wake wa shaba, ule wa kutwangia iliki na mdalasini, urithi wa mama yake.

Hashim aliacha kukoroga. "Huo?"

"Si shaba?"

"Ni shaba."

"Basi?"

Akagonga. Ti, ti, ti, akizunguka taratibu, mkono ule ule uliotwanga viungo vya nusu ya harusi za Likoni. Pete ya kwanza ikachomoza, ya pili ikafuata, na nyingine zikajitokeza zenyewe kana kwamba zimeitwa. Hewani kukawa na harufu ya grisi na iliki. Hashim alifungua mdomo aseme kitu cha kifundi, akakosa, akasema, "Vitunguu hivi vimefika?"

"Bado. Nataka rangi ya ngozi yangu, si yako."

Ikabaki nati kubwa, pana kama kisosi, iliyoshika habu yote. Kabla yake palikuwa na bati la kufungia, ambalo ukingo wake ulikunjwa ili nati isilegee. Mwanasaumu aliunyosha kwa bisibisi. Lakini nati yenyewe ilihitaji ile spana kubwa. Hashim akaitazama ile nati, na wote wakajua kuwa ndani yake kuna vita. Maisha yake yote aliwatukana mafundi wanaofungua nati ile kwa patasi na nyundo. Aliwaita wachinjaji. Jacktone mwenyewe alipata kukosana naye karibu mwaka mzima kwa sababu ya patasi.

"Sandukuni," akasema mwishowe kwa sauti ya chini, "upande wa kushoto, chini ya matambara, kuna patasi."

"Unayo patasi?" Nyamvula akauliza kwa furaha kubwa.

"Ni ya kuchongea mbao!" Hashim akafoka. Kisha akamgeukia mkewe. "Iweke kwenye mfuo wake, igonge kwa kuilaza, kidogo kidogo. Mimi sitazami." Na kweli aligeuza kiti, akaipa ile kazi mgongo, akawa anakaanga akielekea baharini. Kila nyundo ilipolia, mabega yake yaliruka.

Nati ikazunguka.

"Imetoka," Mwanasaumu akasema.

"Ina alama?"

"Haina." Ilikuwa na alama moja, lakini Mwanasaumu aliifuta kwa kidole, nayo haikufutika, basi akaigeuza upande mwingine.

"Sasa ndiyo habu yenyewe," Hashim akasema, akirudisha kiti. "Ishike kwa mikono miwili, itikise, uivute kwako. Beringi ya nje itatangulia kuanguka. Ikinge! Ikiingia mchanga tumekwisha."

Mwanasaumu alichuchumaa, akatanua ovaroli mapajani, akaikumbatia habu. Ilikataa. Akaitikisa, akaivuta, akaisemesha kwa maneno ambayo wanawake huyasemea leba. Rama alitaka kumsaidia, akafukuzwa kwa jicho. Mara beringi ya nje ikamdondokea mapajani, na kabla hajaifurahia, habu yote ikaachia kwa mkupuo. Mwanasaumu akaketi chini kwa kishindo, miguu mbele, chuma kizito kimejaa kifuani, grisi mpaka kwenye nyusi.

Nyamvula akapiga kigelegele. Akaitikiwa na nyumba tatu, ambazo hazikujua kilichozaliwa.

Hashim alizichukua beringi kwa mkono wake mzima, akazipangusa, akazizungusha karibu na sikio, kisha karibu na jicho. Zilikuwa zinang'aa. Hazikuwa na kovu hata moja. Aliziangalia tena, na uso wake ukawa na mawingu kidogo.

"Zimeharibika sana?" Mwanasaumu aliuliza kutoka pale chini.

"Zilikuwa... zinaelekea kuharibika," Hashim akasema.

Mchana baada ya sala Hashim alitoa mvunguni sanduku dogo la beringi mpya, alizokuwa ameziweka akiba kama mwingine anavyoweka sanda. Vikombe vyake vya zamani, zile pete za chuma ambamo beringi huzunguka, viligongwa vikatoka, vipya vikaingia. Alimfundisha kujaza grisi: unaitia kiganjani, unaikandamiza beringi ukingoni mpaka grisi itokeze upande wa pili. Mwanasaumu, mwenye mkono uliojaza sambusa tangu utotoni, alihitaji kuonyeshwa mara moja tu. Kwa nati kubwa alimwambia akaze huku akizungusha, kisha arudishe nyuma kidogo. "Isibane, isicheze. Iwe katikati ya hayo mawili." Mpaka adhana ya alasiri gurudumu lilikuwa limekaa mahali pake, karai la vitunguu limejaa rangi ya ngozi ya Mwanasaumu, na Philister alikuwa amekwisha kupiga simu kuuliza kama kila kitu ki sawa, akajibiwa kuwa kila kitu ki sawa sana.

Jumamosi asubuhi Rama na wenzake walisaidia kupakia. Sufuria zikapanda, na mchele, na nyama, na majiko, na miiko mirefu kama makasia. Mwanasaumu akashika usukani, Hashim akaketi kando yake amevaa kanzu mkono mmoja. Jipu likawaka. Likatambaa. Likachukua mwendo.

Hawakuimaliza njia yao. Mbele ya nyumba ya Nyamvula paka alianza kulia kabatini.

Mwanasaumu akafunga breki. Nyuma yao vifuniko vya sufuria vilikuwa bado vinagongana.

"Linalia," akasema.

"Nasikia," Hashim akasema. Na kwa kweli alisikia, kwa kuwa safari hii alikuwa amelikalia. "Lakini linalia la kushoto."

"Umesema?"

"Hili la upande wangu. La kushoto ndilo linalolia. Wewe uliniambia la kulia."

"Ndiyo, la kulia! Si hilo linalia?"

"La kushoto linalia!"

"Basi si ndilo la kulia?"

Walitazamana. Mwanasaumu alilelewa na bibi yake, mtu wa ukoo wa zamani, na kwao upande wa kulia haukupata kuitwa jina jingine ila kuume. Mkono wa kuume, mlango wa kuume, shika kuume ukifika msikitini. Hashim alikulia gereji, pamoja na watu wa kutoka kila pembe ya nchi, na huko kuume kulikuwa kulia. Kwa hivyo alipouliza siku ile kama ni gurudumu la upande wa kulia, mkewe alidhani anaulizwa kama ni lile linalotoa kilio, akaapa kwa jina la Mungu. Hashim ndiye aliyefahamu kwanza. Aliegemeza kichwa chake kwenye kioo.

"Mama Jalila. Mkono wangu uliovunjika ni upi?"

"Wa kuume."

"La ilaha illallah," Hashim akasema.

Mwanasaumu naye akafahamu. Yalimjia matusi mengi, mengine ya bibi yake, lakini kabla hajachagua, simu ikalia. Ilikuwa Philister.

"Mama, mko wapi? Wageni wameshashuka treni pale Miritini! Wako kwa hoteli wanabadilisha nguo!"

Mwanasaumu akatazama mbele, nyumba ya Nyamvula. Akatazama nyuma, nyumba yake. "Tuko njiani, mwanangu."

"Mko njiani kabisa?"

"Kabisa. Njiani kabisa."

Alipokata simu, Hashim, ambaye hakupenda uongo, alikuwa anamtazama kwa lawama.

"Unanitazamia nini?" Mwanasaumu akamwuliza. "Hapa ni chumbani?"

Hashim akaichungulia njia kupitia dirisha, akaona kuwa ni njia.

Wakapakua kila kitu. Sufuria zilipangwa kando ya ukuta, majiko yakapangwa karibu yake, na mzee mmoja aliyekuwa akipita akauliza shughuli ni ya nani, hakungoja jibu, akaketi kivulini kungoja chakula. Beringi mpya hazikuwapo tena, lakini zile zilizotoka jana, ambazo zilikuwa "zinaelekea kuharibika", zilikuwa zimefungwa ndani ya kitambaa pamoja na vikombe vyake.

"Zile za jana," Hashim akaanza kusema kwa aibu.

"Zilikuwa nzima."

"Zilikuwa nzima kabisa."

"Zilete."

Mwanasaumu hakuvaa ovaroli, muda haukuwapo. Alikunja dera akalifunga kiunoni, akaenda upande wa kushoto. Mawe, nati, jeki, gogo. Dramu. Kifuniko. Klipu aliifunika kwa kiganja kizima, ikaruka ndani ya ngumi yake ikatulia. Mchi ukagonga. Patasi ikagonga, na safari hii Hashim hakugeuka, alitazama, hata mara moja akasema, "Vizuri." Mara nyingine alifungua mdomo kutoa maelekezo akakuta jambo lenyewe limekwisha kufanywa, akaufunga. Habu ikatoka, na beringi iliyotoka nayo ilikuwa nyeusi, imechubuka, imekauka kama koo la mfungaji. Ukiizungusha ilisaga meno. Mwanasaumu aliinyanyua juu wote waione.

"Huyu ndiye paka," akasema.

Hata wale waliochelewa kuja kutazama walikuta gurudumu linarudishwa. Rama alisema jana kazi ile ilikula siku nzima, na Nyamvula akamwambia kuwa jana ilikuwa na vitunguu. Walipakia upya. Mzee wa kivulini ilibidi aelezwe kwa upole, naye alihuzunika sana, akapewa ndizi. Jipu lilipoondoka, watu walikaa kimya kulisikiliza mpaka lilipopinda kona. Halikulia.

Walipita Dongo Kundu, wakavuka yale madaraja marefu na upepo ukipeperusha kanzu ya Hashim, wakafika Chaani na kumkuta Philister getini, simu sikioni, akiwa karibu kulia yeye mwenyewe. Lakini bahati ilikuwa imeshuka upande wao. Wakwe walikuwa wamefika na bado wako nje, kwa maana wazee wa upande wa Philister walikuwa wamefunga geti wakiwataka waimbe vizuri zaidi kabla hawajaruhusiwa kuingia. Wakwe waliimba, wakaambiwa bado. Moto ukakokwa uani huku nyimbo zikipanda barabarani.

Shida moja ilibaki. Philister alikuja jikoni kusalimu, akamwona Mwanasaumu anaosha mikono kwa limau, sabuni na mchanga, na kila alipoisuuza, kucha zilibaki nyeusi.

"Mama! Hiyo ni nini?"

"Grisi, mwanangu. Haitoki leo."

Philister hakubishana. Alikuwa muuguzi. Aliingia ndani akarudi na glavu zake za kazini, akamvalisha mwenyewe, akamvutia mpaka kwenye vifundo vya mikono. Basi pilau ile ilipikwa na kupakuliwa na mpishi aliyevaa glavu kama anayeingia chumba cha upasuaji. Wakwe waliiona wakanong'onezana kuwa watu wa Mombasa wana usafi wa hali ya juu. Mama mmoja katika wao alimwomba namba ya simu kwa ajili ya harusi ya mwanawe, akasema kwao wapishi hushika tu nyama kwa mikono mitupu.

Hashim alikaa meza ya wanaume, akila kwa kijiko na mkono wa kushoto huku akiwaomba radhi wote kwa hilo. Mwanasaumu alipita na sinia ya kachumbari akatega sikio, akitarajia kuisikia hadithi ya habu, na alikuwa tayari kuisikia ikiwa imetiwa chumvi na yeye mwenyewe ameachwa nje. Hakuisikia. Mkwe mmoja, mwanamume mnene wa suti ya kijivu, alikuwa amesifu rangi ya pilau.

"Siri ni vitunguu," Hashim alikuwa anamweleza, ameinamia meza. "Havitaki moto wa hasira. Na usikoroge kama unatafuta pete."

"Kumbe mzee ni mpishi!"

"Kidogo," Hashim akasema kwa unyenyekevu.

Mwanasaumu aliiweka kachumbari mezani, akarudi jikoni, akajiinamia juu ya gunia la mkaa, akacheka mpaka Philister akaja kumuuliza kama anaumwa.

Jioni walirudi na sufuria tupu. Jipu lilikwenda kimya, honi ikalia mara moja bila kuguswa. Hashim alianza kusema kuwa, sasa magurudumu ya mbele yakiwa salama, ingefaa kesho yake watazame breki za nyuma.

"Kesho nalala," Mwanasaumu akasema.

Akalala kweli, mpaka jua likapita katikati. Alipoamka alikuta kikombe cha chai kando ya kitanda, kimefunikwa kwa kisosi, na Hashim amesimama mlangoni akingoja. Akanywa mkupuo mmoja. Ilikuwa imetiwa chumvi badala ya sukari.

"Vipi?" Hashim akamwuliza.

"Inaelekea kuwa nzuri," Mwanasaumu akasema, akanywa mwingine.